Chungwa Shilingi Kumi, Ndizi Shilingi Kumi

Binamu yangu ana miaka 19. Saa kumi na moja alfajiri huwa keshaamka, anamsaidia mama yake, yaani shangazi yangu, kupanga mahamri kwenye beseni na kuyafunika kwa kitambaa. Kukipambazuka anakaa mlangoni kwao Kisauni, Mombasa, kuwauzia majirani. Shangazi haandiki madeni. Daftari lake ni huyu mwanawe. Ukimwuliza atakwambia baba wa nyumba ya pili anadaiwa mahamri manne ya juzi, ustadhi wa madrasa mawili ya jana, na kuna mama aliyelipa akasahau chenji yake. Ni nadra sana akosee.

Mwaka jana shangazi alimpeleka hospitali moja ya serikali akapimwe, apate cheti, na kwa cheti hicho aombewe kadi ya watu wenye ulemavu. Niliwasindikiza. Afisa aliyetupokea alikuwa mpole na mwenye adabu, lakini nje foleni ilikuwa ndefu na maswali aliyokuwa nayo yaliandikwa kwa Kiingereza, akawa anayatafsiri papo hapo. Akauliza: chungwa na ndizi vinafanana vipi? Binamu alifikiri kidogo, kisha akajibu kwa uhakika wote: "Chungwa shilingi kumi, ndizi shilingi kumi." Afisa akaandika sufuri. Jibu lililotakiwa ni kwamba vyote viwili ni matunda.

Haikufika nusu saa tukawa tumemaliza. Kwenye fomu palikuwa na visanduku vinne: kidogo, wastani, kali, kali mno. Kalamu ikatua kwenye cha pili. Shangazi akauliza, "Dokta, hiyo wastani ndiyo nini? Nieleze, nikamweleze baba yake." Akajibiwa, "Mama, maana yake akili za kijana wako ni kama za mtoto wa miaka 7 au 8."

Shangazi hakusema kitu hadi tulipofika kituo cha matatu. Mimi nimeandika makala haya kwa sababu ya hiyo miaka 7 au 8, ambayo nilikuwa nimeshaisoma mahali pengine kabla ya siku ile.

Nieleweke mapema. Sisemi kwamba binamu yangu hana ulemavu. Hawezi kuvuka Barabara ya Malindi peke yake. Barua ikija nyumbani hawezi kuisoma. Zaidi ya yote, anamwamini kila mtu: mpita njia akimwambia "mama yako kasema nichukue bure," atampa beseni zima na kumtakia siku njema. Hilo ndilo linalomkosesha shangazi usingizi, kwamba yeye akifa leo nani atamlinda mwanawe na watu wa namna hiyo. Fomu haikuuliza lolote kati ya hayo. Wala sisemi vipimo vifutwe. Bila cheti hakuna kadi, bila kadi hakuna msamaha wa kodi wala nafasi katika miradi ya serikali, na mtoto mdogo asiyepimwa huachwa nyuma ya darasa hadi aache shule mwenyewe. Mstari lazima uchorwe mahali fulani. Ninachouliza ni nani anayeuchora, kwa kifaa gani, na akishauchora anautumia kufanya nini.

Kifaa chenyewe kilizaliwa kwa nia njema. Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kutafuta njia ya kuwatambua watoto wanaoshindwa na masomo ya kawaida, ili watengewe mafunzo yao. Mwaka uliofuata Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon wakatoa maswali 30, yakianza na mepesi na kuishia na magumu. Binet alielewa mipaka ya kazi yake. Alikataa kwamba akili ni kitu kimoja cha kupimwa kama urefu wa ukuta, na mwaka 1909, miaka miwili kabla hajafa, aliwashambulia kwa maandishi wale wanaodai kwamba kila mtoto amepewa kiasi chake cha akili kisichoongezeka. Kwake kipimo kilikuwa kama kibatari. Unakiwasha ili umwone mtoto yuko wapi, kisha unamfuata huko huko aliko.

Kilipovuka bahari kikageuzwa mhuri. Henry Goddard, aliyeongoza utafiti katika taasisi ya Vineland huko New Jersey, Marekani, alikitafsiri mwaka 1908 na kuziacha tahadhari za Binet zilikotoka. Akawapanga watu wazima kwa umri wa akili. Mwenye akili isiyofika ya mtoto wa miaka 3 aliitwa "idiot". Wa miaka 3 hadi 7 aliitwa "imbecile". Wa miaka 8 hadi 12 hakuwa na jina, kwa hiyo mwaka 1910 Goddard akamtungia moja kutoka Kigiriki, "moron". Maneno hayo leo ni matusi ya mitaani. Wakati ule yalikuwa istilahi za daktari, yakiandikwa kwa wino kwenye faili la mtu, na faili likawa ndilo linaloamua atalala wapi, na nani, na kama atazaa. Uingereza nayo ikapitisha sheria mwaka 1913 iliyowagawa raia wake kwa maneno ya jinsi hiyo hiyo.

Maneno yale yakasafiri na bendera. Kanuni ya Adhabu ya Kenya ya 1930 ina kifungu, cha 146, kinachomlinda mtu mwenye ulemavu wa akili asinajisiwe, na majina kiliyompa ni hayo mawili, "idiot" na "imbecile". Watu wameshtakiwa na kufungwa chini ya kifungu hicho hata katika karne hii. Nia ya kumlinda ni ya kushukuriwa. Lakini fikiria binti aliyetendewa unyama. Anaingia mahakamani, na ili atendewe haki inabidi upande wa mashtaka uthibitishe kwanza, mbele yake na mbele ya wazazi wake, kwamba yeye ni "imbecile". Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 54, inampa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Nashindwa kuona vipi sheria mbili hizo zinaweza kukaa kwenye rafu moja.

Sasa nirudi kwenye ile miaka 7 au 8. Nairobi, miaka ya 1930, katika Hospitali ya Magonjwa ya Akili ya Mathari alikuwako daktari aliyeitwa H. L. Gordon. Yeye na walowezi waliokuwa na mawazo kama yake walianzisha mwaka 1933 chama cha kuchunguza kile walichokiita uboreshaji wa mbari. Mtaalamu wa maabara wa serikali, F. W. Vint, alipima ubongo wa maiti za Waafrika, akapima na unene wa gamba lake, kisha akalinganisha na takwimu za Ulaya. Akatangaza kwamba ubongo wa mtu mzima wa Afrika Mashariki umekomea pale unapofikia ubongo wa mvulana wa Kizungu wa miaka 7 au 8. Mwaka 1934 Gordon alichapisha Uingereza makala kuhusu upungufu wa akili wa Mwafrika wa Mashariki.

Chukua jedwali la Goddard uweke madai hayo juu yake. Umma mzima, Wakikuyu, Wakamba, Waluo, Wamijikenda, Waswahili, unaangukia pale "imbecile" anapopakana na "moron". Babu yangu mzaa baba alikuwa nahodha wa jahazi. Alikwenda Lamu na kurudi kwa kutazama nyota na rangi ya maji, na akigusa kamba alijua upepo utageuka saa ngapi. Kwa hesabu ile naye alikuwa mtoto wa darasa la pili.

Hayo hayakuwa mazungumzo ya maabara tu. Walowezi walikuwa wanabishana juu ya kiasi cha elimu Mwafrika anachostahili kupewa, na hoja ya ubongo mdogo ilikuwa jibu rahisi: usimjengee shule, haitamfaa, pengine hata itamdhuru. Waliomba London iwape fedha za kuendeleza utafiti wao, wakanyimwa. Fikra yenyewe haikufa. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, daktari mwingine aliyewahi kuiongoza Mathari, akimfananisha Mwafrika mwenye afya yake na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Waliosoma kitabu hicho wakati huo walikuwa pia wanasoma habari za vita vya Mau Mau.

Ndiyo maana nilishtuka pale hospitalini. Yule afisa hana hatia ya Vint, na sidhani amewahi hata kulisikia jina lake. Ila maneno aliyomwambia shangazi ni yale yale, na kosa lililo ndani yake ni lile lile. Kijana wa miaka 19 hana akili za mtoto wa miaka 7. Ameishi miaka 19. Ameshazika babu na bibi, amefunga Ramadhani, amependa msichana wa jirani na akaona haya kumsemesha. Mtoto wa miaka 7 hana historia hiyo kichwani. Ukimwambia mama kwamba mwanawe ni mtoto, atamlea kama mtoto maisha yake yote, hatamwachia kisu wala jiko wala fedha, na baada ya miaka kumi utabiri wako utakuwa umetimia kwa mikono yake mwenyewe.

Mhuri ukishagongwa ni vigumu kuufuta hata ushahidi ukija mbio. Carrie Buck wa Virginia, Marekani, alibakwa akiwa msichana na jamaa wa familia iliyokuwa ikimlea. Mimba ilipoonekana walifanya mpango apelekwe kwenye taasisi ya wenye akili pungufu, mahali ambapo mama yake mzazi alikuwa amekwisha fungiwa. Mtoto aliyezaliwa, Vivian, alitazamwa akiwa na miezi saba na mtumishi wa ustawi wa jamii, akasema haoni kama yuko sawasawa. Ushahidi ukatosha. Mwaka 1927 Mahakama Kuu Zaidi ya Marekani, kwa kura 8 dhidi ya 1, iliruhusu Carrie afungwe kizazi, na Jaji Oliver Wendell Holmes akaandika kwamba vizazi vitatu vya "imbecile" vinatosha. Kwa jumla Marekani iliwafunga kizazi watu zaidi ya 60,000 kwa sheria za namna hiyo. Ujerumani ya Wanazi ilipitisha yake mwaka 1933, ikawafunga kizazi watu wapatao 400,000, kisha ikaanza kuwaua. Na yule mtoto Vivian? Alikwenda shule, na mwaka 1931 jina lake likawekwa kwenye orodha ya wanafunzi waliofanya vizuri. Alifariki kwa maradhi mwaka uliofuata, akiwa na miaka 8. Mama yake aliishi hadi 1983, na waliomfahamu uzeeni hawakuuona huo upungufu.

Kama mstari ungekuwa kitu cha maumbile, kama mpaka wa maji na nchi kavu, usingehamahama. Huu wa akili umehama mara nyingi. Chama cha wataalamu wa fani hii nchini Marekani kilikubali karibu mwaka 1960 kwamba mtu yeyote mwenye alama za IQ, yaani za mtihani wa akili, chini ya 85 anaweza kuhesabiwa ndani ya kundi. Hiyo ni karibu mtu mmoja kati ya sita. Mwaka 1973 chama kiliushusha mstari hadi 70, takriban watu wawili kati ya mia. Mamilioni ya watu waliamka wakiwa wazima bila kumeza kidonge. Mwaka 1992 chama hicho hicho kikalegeza kidogo kuelekea 75, watafiti wakalalamika kwamba idadi ya wanaoweza kuingia imekuwa maradufu kwa pointi tano tu.

Kwetu pia tunaweza kujionea. Sensa ya Kenya ya 2009 ilisema asilimia 3.5 ya wananchi wana ulemavu. Ya 2019 ikasema asilimia 2.2. Hakuna aliyeponywa katika miaka hiyo kumi. Maswali ndiyo yaliyobadilika. Badala ya kuuliza kama mtu ni mlemavu, makarani waliuliza ugumu alio nao katika mambo sita, mojawapo likiwa kukumbuka na kumakinika, na wakaacha watoto wa chini ya miaka 5. Bajeti zinapangwa kwa tarakimu hizo.

Na hiyo 70 yenyewe ni kitu gani? Watengenezaji wa mtihani huwapima watu wengi, wastani wao huupa jina la 100, kisha huhesabu hatua mbili za kitakwimu kwenda chini. Basi. Kwa kuwa kila kizazi hujibu maswali hayo vizuri kuliko kilichotangulia, jambo ambalo mtafiti James Flynn alilionyesha mwaka 1984, mtihani hufanyiwa marekebisho kila baada ya muda ili wastani urudi 100. Mtoto aliyepata 73 kwa toleo la zamani anaweza kupata 68 kwa toleo jipya mwezi huo huo. Huko Florida tofauti ya namna hii ilikuwa ya uhai na mauti. Mahakama Kuu Zaidi ilikuwa imekataza mwaka 2002 adhabu ya kifo kwa mtu mwenye ulemavu wa akili, jimbo likaamua kwamba mwenye alama 71 hana ulemavu. Ilibidi mahakama irudi mwaka 2014, katika kesi ya Freddie Lee Hall, iseme kwamba mtihani wowote una kosa la pointi tano juu au chini na mtu hawezi kuuawa kwa pointi moja. Texas kwa upande wake ilikuwa ikitumia vigezo vilivyomtaja mhusika wa riwaya ya John Steinbeck, kama kwamba mtu wa kubuniwa angeweza kuwa mizani ya mtu wa damu. Hayo nayo yalikataliwa, mwaka 2017.

Huko huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960, walimu na wazazi waliona jambo ambalo shangazi yangu angelielewa bila kufafanuliwa. Walikuwapo watoto wengi, hasa Weusi na wenye asili ya Mexico, ambao walikuwa na upungufu wa akili saa sita tu kwa siku, siku tano kwa wiki. Kengele ya kwenda nyumbani ikilia upungufu unaisha: wanalea wadogo zao, wanatafsiri kwa niaba ya wazazi, wanakwenda sokoni. Ripoti ya kamati ya rais iliyotoka mwaka 1970 iliwapa jina kwa saa hizo sita. Mwaka 1979 jaji wa California, katika kesi ya Larry P., alipiga marufuku kutumia mtihani wa IQ kuwapeleka watoto Weusi kwenye madarasa ya wenye upungufu wa akili.

Watu wa kwetu hawajawahi kudhani kwamba akili ni kufahamu tu. Utafiti uliofanywa kwa Waluo wa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2001 ulikuta maneno manne: rieko, yaani maarifa na wepesi wa kichwa, luoro, heshima na kuwajali wengine, winjo, kuelewa jambo linalotakiwa na kulitenda, na paro, kufikiri mbele na kuanzisha. Ni rieko peke yake iliyokwenda sambamba na alama za mitihani. Watafiti hao hao waliwauliza watoto kuhusu mitishamba ya kienyeji, ni upi wa tumbo na upi wa homa, na wakakuta walioijua zaidi mara nyingi ndio waliopata alama ndogo kwenye maswali ya kishule. Zambia, miaka ya 1970, mtafiti Robert Serpell aliwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester kazi moja ya kunakili maumbo. Kwa penseli na karatasi Waingereza waliongoza. Kwa waya, ule ambao watoto wetu hutengenezea magari ya kuchezea, Wazambia waliwaacha mbali.

Na sisi Waswahili? Mama akitaka kujua mtoto wake amekua akili, hamwulizi chungwa na ndizi vinafanana vipi. Anamtuma. Atakwenda duka lipi, atasalimu wakubwa njiani au atawapita, akikuta sukari imekwisha atarudi mikono mitupu au atauliza duka la pili, chenji ataifikisha? Tunasema mtoto fulani anatumika, na katika neno hilo moja mna kukumbuka, kuelewa, uaminifu na adabu. Mtihani wa dakika 30 hauyagusi hayo.

Lazima niwape haki yao wataalamu, kwa kuwa wengi wao wamekwisha kufika hapa. Maelezo yanayokubalika sasa yana miguu mitatu: ugumu wa kufikiri na kujifunza, ugumu wa kujimudu katika maisha ya kila siku, na kwamba yote mawili yalianza mtu akiwa bado anakua. Mguu mmoja ukikosekana hakuna ulemavu wa akili. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa 2013 uliacha kabisa kupanga ukali kwa alama za IQ, ukataka ukali usomwe kwenye maisha yenyewe: mtu anavyotumia lugha na fedha, anavyoishi na wenzake, anavyojitunza. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022, umebakiza madaraja manne lakini umeweka majedwali ya tabia za kila siku, mahsusi kwa nchi ambazo hazina mitihani iliyotengenezwa kwa watu wake na wataalamu wa kuiendesha. Yaani sisi. Majedwali hayo hayamwagizi mtu amwulize binamu yangu fumbo la matunda. Yanaagiza aulizwe shangazi.

Ubishi haujaisha, na sidhani unapaswa kuisha upesi. Wapo wanaosema ulemavu huu si maradhi, ni pengo kati ya mtu na mazingira yake, na pengo huzibwa kwa msaada. Hao ndio waliotaka tangu 1992 madaraja yawe ya msaada: wa vipindi, wa kiasi, mkubwa, au wa saa zote. Wengine wanajibu kwamba ukiuondoa kwenye orodha ya afya, wizara za afya zitanawa mikono, na mtoto mwenye kifafa juu ya ulemavu wake atakosa dawa. Hofu hiyo ni ya kweli katika nchi kama zetu. Hata hivyo moyo wangu uko kwa wa kwanza. Daraja la "wastani" halimwambii shangazi afanye nini kesho asubuhi. Lakini ukimwandikia kwamba kijana huyu anahitaji mtu wa kumvusha barabara, mtu wa kusimamia fedha zinazozidi shilingi mia tano, na mafunzo ya kukataa mgeni anayemlaghai, hapo umempa kitu cha kushika.

Neno nalo lina kazi yake. Kiswahili chetu hakijawa na huruma hapa. Punguani halifichi lilikotoka: mtu aliyepungua. Taahira na zezeta ni mawe ya kurushiana kwenye mpira wa mtaani. Mtindio wa ubongo unatumiwa kwa mtoto ambaye viungo vimekakamaa na akili yake ni timamu, na kwa mtoto anayekimbia vizuri lakini hawezi kujifunza kusoma, kama kwamba wawili hao wana shida moja. Na bado wako wengi, hata maofisini, wasiotofautisha ulemavu wa akili na ugonjwa wa akili. Wa kwanza huanza utotoni na mtu huishi nao. Wa pili humpata yeyote, profesa au jaji, na wengi hutibiwa wakapona. Kuwachanganya kumewafanya wazazi wazunguke kwa waganga wakitafuta dawa ya kitu kisichohitaji dawa, na kumewafanya wagonjwa wanaoweza kutibika waonekane wameharibika moja kwa moja.

Najua kubadilisha neno hakutoshi. Chama kile cha Marekani kilianzishwa mwaka 1876 kikiwa na neno "idiotic" ndani ya jina lake, na kimebadili jina tena na tena hadi 2007, kila istilahi mpya ikichakaa na kugeuka tusi baada ya kizazi kimoja au viwili. Watoto wa shule zetu wamekwisha kuanza kuitana "special". Neno huoza kwa sababu dharau iliyo nyuma yake haijaguswa. Lakini hiyo si sababu ya kuacha neno lililooza ndani ya sheria ya nchi na ndani ya cheti cha mtoto.

Ninayoomba si makubwa. Mtu asipimwe kwa lugha asiyoiishi. Mpimaji akishindwa kufika nyumbani, basi mama, bibi au mwalimu aulizwe kwa kirefu, na majibu yake yaandikwe. Cheti kitaje msaada unaohitajika kabla ya kutaja daraja, na kiwe na tarehe ya kupimwa tena, kwa kuwa vijana hukua na hujifunza. Kauli ya "akili za mtoto wa miaka kadhaa" itoke midomoni mwa watumishi wa afya. Bunge lifukue kila sheria tuliyorithi, lisafishe maneno yaliyoachwa humo na watu waliotuona sote kuwa watoto. Na waulizwe wenyewe. Tangu miaka ya 1970 huko Oregon, Marekani, watu wenye ulemavu huu wamekuwa wakikutana na kudai waitwe watu kwanza. Binamu yangu ukimwuliza anataka nini atakujibu bila kusita: anataka beseni lake mwenyewe, na faida yake iwe yake.

Tumeandika barua akapimwe upya, kwa Kiswahili, mama yake akiwepo. Ni mwezi wa nne sasa, na hatujajibiwa.